Pumzi Kwenye Waya

Tulimzika Mama Kabula mchana wa jua kali pale Geita. Watu waliporudi kutoka makaburini wakakaa chini ya turubai kusubiri chakula, na hapo ndipo nilipomwona Shija. Nilikuwa sijamtia machoni tangu nikiwa binti wa miaka ishirini. Amekonda, kichwa kimekuwa cheupe, amevaa koti la suti lisilo na mwenzake, lakini vidole vilikuwa vilevile, vyenye ncha ngumu zilizoungua na kupona mara nyingi, vidole vya fundi redio. Alikuwa ameketi upande wa wanaume, sahani ya wali mapajani, anaigusa bila kula. Na yeye aliniona. Aliinuka, akasimama, akaketi tena. Mama mmoja aliyekuwa kando yangu alinishika mkono akaniuliza kama joto limenizidi. Nikamwambia ndiyo, ni joto.

Mama Kabula alikuwa mwenye nyumba wetu sote wawili mwaka ule. Nyumba yake ya mtaa wa Kalangalala ilikuwa na vyumba sita vilivyotazamana, katikati ua wa udongo uliofagiliwa mpaka ukang'aa, na kwenye pembe jiko la nje lenye kuta za mabati ambamo wapangaji tulipika kwa zamu na kugombania mafiga. Chumba changu kilikuwa cha mwisho, kinanuka chokaa mbichi. Cha Shija kilikuwa mkabala na changu, na mlango wake haukufungwa mchana kutwa kwa sababu ndani kulijaa redio mbovu, spika, pasi, tochi, na jiko la mkaa alimochomeka chuma chake cha kulehemu kama mtu anayechoma mshikaki. Alikuwa Msukuma wa Songwa, mpole, wa maneno machache. Asubuhi alinisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," ili anicheke nikijibu vibaya, maana mimi ni Msumbwa wa Ushirombo na Kisukuma changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Hatukuwa wachumba. Lakini Mama Kabula alishaanza kunitania akisema kwamba mwanamke anayekaa na fundi redio halali njaa wala halali kimya, na mimi sikuwa nakasirika.

Kazi yangu ilikuwa kwa mnunuzi wa dhahabu, Mzee Seif, ambaye wote tulimwita Baba Rukia. Kwao wazazi wake walitoka pwani, yeye mwenyewe alizaliwa Shinyanga, na kwenye mtaa wetu nyumba yake ilikuwa mojawapo ya chache zenye simu. Siku hizi wajukuu zangu hawawezi kuelewa maana ya neno hilo. Simu ilikuwa kitu kizito cheusi kilichokaa sebuleni juu ya meza yake yenyewe, kimetandikiwa kitambaa cha kufuma, na kwenye duara la namba kimefungwa kikufuli ili mtu asipige bila ruhusa. Waya wake ulipita juu ya dirisha, ukatoka nje, ukavuka ua wa minyaa mpaka kwenye nguzo. Nilifagia sebule, nilipika chai ya tangawizi, na simu ilipolia nilikimbia kupokea na kusema, "Nyumbani kwa Mzee Seif." Nilikuwa najivunia sauti yangu. Opareta wa Shinyanga alinifahamu, ananiita Leokadia kabla sijajitaja.

Ninapoikumbuka nyumba ile, ninachokumbuka kwanza ni jikoni kwa Mama Rukia. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini, ambaye hakuweza kula peke yake. Mchana alinikalisha kwenye mkeka, tukala sinia moja, wali na samaki wa kukaanga, huku akinisukumia upande wenye nyama na kunihadithia watu wa Tabora alikozaliwa. Mara nyingi dereva wao, Deusdedit, alikaribishwa naye akala mlangoni, kwa adabu, na viatu amevua. Deus alikuwa wa kwetu Ushirombo. Mama yake na mama yangu walisali kigango kimoja. Kila alipotumwa Shinyanga kwa kaka yake Baba Rukia kuchukua fedha za kununulia dhahabu, alipita kwa mama yake kunywa uji, na aliniletea karanga na salamu. Alinambia mara moja, akitania, kwamba mzigo anaobeba humfanya ajione kama mwanamke mjamzito. Kila anayemtazama anamtazama tumbo.

Ilikuwa baada ya Pasaka nilipoanza kuisikia ile pumzi. Nilikuwa napokea simu, opareta ameshaunganisha, na nyuma ya sauti ya mtu wa Shinyanga nikasikia mtu mwingine anapumua. Pumzi fupi, yenye mluzi mdogo mwishoni, kama mlango usiopakwa mafuta. Nilidhani ni huyo wa Shinyanga mwenyewe. Siku nyingine nikainua mkono wa simu kufuta vumbi, hakuna aliyepiga, na pumzi ikawepo. Nikauweka chini haraka. Nikaenda kumwambia Baba Rukia, ambaye alikuwa anapima dhahabu kwenye mizani yake ndogo na hakupenda kusemeshwa akipima.

"Baba Rukia, samahani. Kwenye simu kuna mtu."

"Nani amepiga?"

"Hakuna aliyepiga. Kuna mtu anapumua ndani."

Alinitazama, akatabasamu. "Laini za zamani hizi, binti. Upepo ukipiga nguzo, zinapumua. Kaendelee na kazi."

Idrisa, mpwa wake, alikuwa ameketi pale karibu naye, akacheka. Huyo Idrisa alilelewa na Mama Rukia tangu akiwa mtoto mchanga, baada ya mama yake kufariki, na sasa alikuwa kijana wa kuvaa vizuri, dalali wa kuzunguka machimboni kumtafutia mjomba wake wauzaji. Alikuwa na pumu. Lakini mimi sikuwa nakaa naye. Alikuja, akasalimu, akaenda zake, na sikuwahi kuisikia pumzi yake kwa karibu.

Nakumbuka pia jambo jingine la siku hizo, na nimelipima mara nyingi kama lilikuwa na maana wakati ule au nimelipa maana baadaye. Jumamosi moja nilikuwa nafua uani, na Shija ameketi kizingitini mwake anakata kwa msumeno mkono wa simu iliyokufa. Alibaki na nusu ya kusikilizia. Akaunga nyaya mbili nyembamba, kati yake akaweka kapasita, kidude kidogo cha umeme alichoking'oa kwenye redio, akafunga yote kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mwisho wa kila waya aliweka kibanio cha nguo kilichochomekwa msumari mfupi. Nilimuuliza ni nini, kwa sababu vibanio vilikuwa vyangu.

"Ni sikio," akasema.

"Sikio la nini?"

"La mtu anayetaka kusikia redio bila kuwakera majirani. Vibanio nitakulipa."

Alinilipa, akaniongezea na sabuni.

Siku Deus alipouawa, kulikuwa na harufu ya mvua ambayo haikunyesha. Jana yake Baba Rukia alikuwa amezungumza na kaka yake kwenye simu, nami nikiwa pale nakunja nguo. Alisema kijana ataondoka Shinyanga asubuhi, mzigo anao, ila msishangae habari ya kufika kwake ikichelewa, maana lazima apite Ushirombo kwa mama yake, na kutoka hapo atashika njia ya msituni kuja Katoro. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anavyosema ng'ombe watapita bondeni. Majambazi wakamngojea msituni, baada ya Ushirombo. Waliweka gogo barabarani. Gari lilikutwa milango iko wazi, na Deus amelala kando ya barabara, mdomoni bado kuna ukoko wa uji wa mama yake. Hilo la uji niliambiwa baadaye na waliomwosha. Natamani wasingeniambia.

Habari ilipofika, nyumba ilijaa wanaume. Mimi nilikuwa jikoni nalia na Mama Rukia, tumeshikana. Kisha nikaitwa sebuleni. Shemeji yake Baba Rukia, mtu mkubwa aliyekuja kutoka Mwanza, ndiye aliyeuliza.

"Nani alijua kwamba kijana atapita kwa mama yake?"

Nikasema, "Nilisikia Baba Rukia akisema kwenye simu."

"Na nani mwingine alikuwepo?"

"Hakuna."

Ndipo Baba Rukia akasema neno lililonimaliza. Hakulisema kwa hasira. Alilisema taratibu, kama mtu anayegundua kitu kilichokuwa mfukoni mwake siku zote. "Huyu binti alikuja kunambia kuna watu wanasikiliza simu. Tena yeye ni wa huko huko Ushirombo. Alikuwa ananiandaa." Niliona nyuso zinageuka. Onyo nililolitoa kwa nia njema lilikuwa limekuwa ushahidi wangu mbaya. Yule shemeji alinipiga kofi la sikio la kushoto, kisha jingine palepale, na jambo la mwisho nililolisikia kwa sikio lile katika maisha yangu ni vikombe vya chai vikigongana kwenye sinia. Nilimtafuta Mama Rukia kwa macho. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mtandio mdomoni. Akageuka akaingia ndani.

Wakanipeleka polisi. Sitasema mengi kuhusu mahabusu. Chumba kilikuwa na dirisha dogo juu, ndoo kwenye pembe, na wanawake wengine wawili waliokamatwa kwa gongo, ambao walinipa nafasi ya kulala ukutani nilipowaambia sikio linatoa usaha. Niliulizwa maswali yaleyale kila siku. Majina ya majambazi. Nani mchumba wangu. Nilipewa nini. Nje, niliambiwa, Deus ameshazikwa, na mama yake ametuma neno mjini kwamba yule mtoto wa Kanisa aliyemuuza mwanangu asije akakanyaga msibani kwangu, leo wala siku yoyote.

Mtu mmoja tu alikuja kuniona. Shija alikuja kila siku mchana, na ugali umefungwa kwenye kitambaa, na mboga kwenye kopo la maziwa ya unga. Askari wa zamu alimruhusu aketi kwenye benchi upande wa pili wa kaunta wakati mimi nakula. Alikuwa anautazama ugali unavyopungua. Alikuwa akinambia, akilifupisha jina langu, "Kula, Leo. Mungu yupo." Mara moja nikamwambia sitaki Mungu awepo tu, nataka aseme. Akainamisha kichwa. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, nikadhani ni huruma, nikampenda kwa ajili ya mikono ile. Nilimpenda kweli. Nilikaa kwenye sakafu ile nikiwaza kwamba nikitoka nitamkubalia, na kwamba tutahama Geita.

Aliyenitoa ni Mama Rukia. Aliinua simu asubuhi moja ampigie dada yake wa Tabora, na kabla opareta hajajibu akasikia mtu anakohoa ndani ya waya. Kikohozi cha kubana, chenye mluzi. Alikuwa amekesha na kikohozi kile kwa miaka, amekipaka mafuta ya mkaratusi, amekiinamisha juu ya sufuria la mvuke. Hakuuliza, "Nani?" Aliuweka mkono wa simu juu ya kitambaa taratibu, akatoka nje kwa mlango wa nyuma, akafuata waya. Nyuma ya nguzo, ndani ya minyaa, akaona nyaya mbili nyembamba zimebanwa kwa vibanio vya nguo, zimeshuka chini na kuingia dirishani kwa stoo ya pumba iliyokuwa imekodishwa na mtu asiyejulikana. Alisukuma mlango. Idrisa alikuwa ameketi juu ya gunia, ile nusu ya simu sikioni, anasikiliza kama mjomba wake ameanza kumshuku. Hakujua kwamba kinachompa sauti kinaweza kubeba na sauti yake.

Mama Rukia alimwambia mumewe. Mumewe akamwambia damu haipelekwi polisi, na binti yule ni mtu wa kupita. Basi mama yule, ambaye hakuwahi kwenda hata sokoni bila ruhusa, alijifunga kanga mbili, akatembea peke yake katikati ya mji saa sita mchana, akaingia kituoni, akaweka ile nusu ya simu juu ya kaunta. Nilimsikia kutoka ndani, kwa sikio lililobaki. Alisema, "Mtoto niliyemlea ndiye. Mwachieni mtoto wa mwenzangu." Nilipotolewa hakunikumbatia. Alinishika kidevu, akageuza kichwa changu, akaangalia sikio. Kabla mwaka haujaisha aliachika, akarudi kwao Tabora. Nilimwandikia, sikupata jibu, nikasikia amefariki.

Idrisa alipobanwa alitaja aliowauzia habari, na akamtaja aliyemtengenezea kile kifaa. Nilikuwa uani kwa Mama Kabula nimekaa juani, mafuta ya moto ya karafuu sikioni, askari walipokuja. Shija alitoka chumbani kabla hawajabisha. Alinitazama. Wakaweka kile kitu mbele yake na kumuuliza kama anakifahamu, akasema anakifahamu. Niliona vibanio vyangu. Nilikumbuka ugali wote ule, na benchi, na mikono, nikaenda nyuma ya jiko nikatapika. Alifungwa. Mimi niliondoka Geita kwa lori la pamba kwenda Shinyanga, nikajifunza cherehani, nikaolewa, nikazaa, nikazeeka. Kwa miaka yote hiyo sikukanyaga kitongoji cha kina Deus. Mahakama iliyowahukumu kina Idrisa ilisema mimi sina hatia, lakini huko kijijini hakuna aliyekuwa ameona simu. Walisema waya unasikiaje, una masikio? Walisema mabosi walinipenda wakanitungia hadithi ya waya. Nilipowazika wazazi wangu nilipita njia ya mbali, asubuhi mapema, kama mwizi.

Kwa hiyo pale msibani kwa Mama Kabula, watu walipopungua, nikamfuata Shija. Alisimama. Alitaka kunishika mkono, sikuutoa. Niliona aibu kumuuliza swali nililolibeba tangu ujana, nikalisema hivyohivyo.

"Ulipokuwa unaniletea chakula, ulijua?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza," akasema. "Idrisa aliniambia anataka kusikia bei za dhahabu tu. Deus alipouawa nikajua. Kila siku nilikuja niseme, Leo. Nilikuwa nimelipanga neno njiani. Nikifika nikakuona unakula, nikawa naona kama kesho bado ipo."

"Mama yake Deus yuko hai," nikamwambia. "Mimi hatanisikiliza. Wewe uliyekitengeneza ndiye utakayemweleza."

Nilidhani atakataa, na nilikuwa tayari kumwacha pale. Akauliza tu gari la Ushirombo linaondoka saa ngapi.

Tulimkuta Mama Deus amekaa mkekani barazani kwake, anapukuchua karanga, macho yamefunikwa na ukungu wa uzee. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu asiyemjua mgeni. Nilijitaja. Mikono yake ikaacha karanga. Sikuendelea, nilimwachia Shija. Alipiga magoti, mzee na koti lake, akamweleza kila kitu pole pole. Akavunja kijiti, akachora kwenye vumbi waya na nguzo, kisha akakumbuka kwamba haoni, akamshika vidole na kuvipitisha juu ya mistari ile. Akamwambia hapa ndipo sauti ilipopita, na hapa ndipo nilipoikata. Akamwambia binti huyu hakusema neno kwa mtu yeyote, ni yeye pekee aliyeonya.

Mama Deus alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Aliuvuta mkono wake, akauliza, "Kwa hiyo walijua kwamba atakuja kunywa uji kwangu?"

"Walijua, mama."

"Na mwanangu amekufa vilevile."

"Amekufa, mama. Nisamehe."

Mpaka tunaondoka hakumjibu, na mpaka leo sidhani kama amemjibu. Alipapasa mkeka kunitafuta, akanipata goti, akakiweka kiganja chake pale, kikavu, chepesi kama ganda.

"Leokadia," akasema. "Mimi sikuzaa mwingine. Nimekaa hapa peke yangu miaka yote hii. Kumbe ungekuwa unakuja kuniona."